Kurasa Arobaini na Nane

Papa Anselme alizikwa Jumanne, na mimi niliyemjua kuliko wengi waliosimama kusema, sikusema neno. Nilikaa chini ya bashi, turubai la msiba, pamoja na wamama wa kanisa, nikamsikiliza mtoto wa ndugu yake akisoma maisha ya marehemu kwenye karatasi: kwamba alizaliwa kusini, kando ya ziwa, kwamba alijifunza kupanga herufi katika kiwanda cha chapa cha misheni, kwamba baadaye alihamia Kalemie akawa fundi wa kushona vitabu, na kwamba aliacha kazi hiyo mapema "kwa sababu ya ugonjwa wa mikono." Watu wakaguna kwa huruma. Mimi nikatazama viatu vyangu. Ugonjwa wa mikono: ndivyo tulivyokubaliana kusema, yeye, mke wake na mimi, na kwa watoto waliozaliwa baadaye hayo ndiyo yalikuwa maelezo, hakuna aliyeuliza zaidi. Habari za wazazi wangu na namna tulivyofika Kalemie nitaziacha, hazina kazi hapa. Nataka kueleza mwaka mmoja tu, mwaka nilioajiriwa na Papa Anselme kumtafutia kitabu ambacho hakikuchapwa tena.

Ilikuwa wakati wa Zaire. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, diplome iko sandukuni na hakuna mtu wa kulipa minerval, karo ya kuendelea na masomo. Papa Anselme alihitaji mtu mwenye miguu mizuri na mwandiko mzuri, nami nilikuwa navyo vyote viwili. Nyumba yake ilikuwa mtaa wa watu wa reli, vyumba vitatu, na chumba cha mbele ndicho kilikuwa karakana. Nikifumba macho bado nakiona: meza ndefu yenye alama za visu, nyuzi zilizopakwa nta, gundi ya unga wa muhogo ikichemka kwenye kopo, na kibanio cha vitabu alichotengeneza mwenyewe kwa mbao mbili nzito za njia ya reli. Vitabu vya sala vilivyochakaa vilikaa kwenye rafu vikingojea zamu. Nyuma ya karakana kulikuwa na chumba cha kulia, na kati ya vyumba hivyo viwili ukuta wa mbao nyembamba kiasi kwamba ukikaa na sahani yako ya bugali na ndagala ulisikia kila neno la wateja. Mama Bernadeta, mke wake, alikuwa akipika sombe, majani ya muhogo, huku akijibu chinichini maswali ambayo wateja walimuuliza mume wake. Mwanzoni nilicheka sana katika chumba kile.

Mteja aliyeleta kazi yangu alifika asubuhi moja ya kiangazi, kwa gari. Aliliacha likinguruma mlangoni muda wote aliokuwa ndani, kama mtu asiyetaka kukaa. Alijiita Citoyen Lwamba; wakati ule sote tuliamriwa kuitana citoyen, raia. Alivaa abakosti, ile suti ya serikali isiyo na tai, ya rangi ya majivu, na alizungumza taratibu hata tukalazimika kumsogelea.

"Banasema weye njo unajua vitabu ya misheni," alimwambia Papa Anselme. "Ninatafuta kimoja. *Habari za Waliokombolewa*."

Papa Anselme akanyanyuka, akachukua kitabu chembamba chenye jalada la kijani, akakiweka mezani. Mgeni hakukifungua. Alikisukuma kikarudi kwa kidole kimoja.

"Hii ni chapa ya pili. Ninataka ya kwanza. Zote zenye zingali kwa mikono ya bantu, hata kama zimekatika. Ni kwa bibliotheki moja, nyumba ya kutunza vitabu, kule Lubumbashi. Kila mwenye kutoa atapewa Biblia mupya, na nyinyi mutalipwa vizuri."

Papa Anselme akasema, "Zilizobaki ni kidogo sana, Citoyen."

"Njo maana nimekuja kwako," akasema Lwamba.

Kitabu chenyewe nilikuwa nimekisikia tu. Zamani za mababu, watoto waliouzwa walipitishwa katika nchi yetu kuelekea ng'ambo ya ziwa. Misheni iliwanunua baadhi yao, ikawalea, ikawatafutia ardhi, nao wakaoana wakawa kijiji. Sitataja jina la kijiji hicho. Wenyewe wapo, na wamechoka kutajwa. Mapadre wakaandika habari zao kwa Kiswahili na kuzichapa. Hiyo ndiyo chapa ya kwanza, iliyotoka kabla Papa Anselme hajazaliwa. Ya pili aliipanga yeye mwenyewe, herufi kwa herufi, akiwa kijana wa miaka kumi na minane. Alinifundisha kuzitambua. Karatasi ya chapa ya kwanza ilikuwa na nyuzinyuzi ukiinua juani, na herufi kubwa ya K katika kila kichwa cha sura ilikuwa imevunjika mguu. "Na zaidi ya yote," aliniambia, "hesabu kurasa. Ya kwanza iko na mia mbili na nane. Ya pili iko na mia moja na sitini." Nilimuuliza zile arobaini na nane zilikwenda wapi. Akasema gundi inaungua, akaondoka.

Basi nikaanza kutafuta. Nilikuwa na daftari ambamo niliandika jina la kila mtu aliyesemekana kuwa na kitabu, mahali anapokaa, na wapi anakificha, na kila mwisho wa juma nilimnakilia Citoyen Lwamba orodha hiyo kwa mwandiko wangu mzuri. Aliusifu mwandiko huo, nami nilifurahi. Nilifurahia kazi yote, lazima niseme hivyo, kwa sababu ni raha kubwa kubisha mlango wa mtu na kutoka na kitu ambacho hakuna mwingine alijua kipo. Kitabu cha kwanza nilikipata kwa Mama Leokadia, mjane aliyeuza samaki wakavu, ambaye alikitumia kunyooshea kadi za ubatizo za wajukuu. Kando ya ukurasa mmoja mtu alikuwa amechora mstari kwa kalamu ya risasi, kwenye jina moja. "Uyu njo nkambo yangu," alisema Mama Leokadia, akigusa mstari. Alisita kunipa. Nikamwambia kitakaa mahali pazuri, penye kabati la vioo, na watu wenye elimu watamsoma huyo nkambo, mzee wa ukoo wake. Maneno hayo niliyatunga palepale. Akanipa.

Cha pili kilinipeleka Niemba kwa treni, kwa katekista mzee aitwaye Papa Simoni, aliyenikaribisha kwa mihogo ya kuchemsha na kuniuliza maswali mengi ya upole kuhusu hiyo bibliotheki ambayo sikuijua. Kitabu chake kilikuwa kizima, kimefungwa kwa kitambaa cha mezani. Nilikipeleka mwenyewe nyumbani kwa Citoyen Lwamba, juu mlimani, katika nyumba moja ya zamani inayotazama ziwa. Nilikaa saluni, chumba chake cha wageni, nikaletewa limonade. Hakukitazama jalada, hakusoma hata mstari. Alilamba kidole akahesabu kurasa, midomo ikicheza, mpaka mia mbili na nane, kisha akatabasamu kama mtu aliyeondolewa jino. Niliangalia kuta. Hakukuwa na kabati, wala kitabu kingine chochote. Katika chumba cha pili sauti ya mwanamume ilisema, "Bado ngapi?" na sauti nyingine ikajibu, "Mutoto anasema bado mbili, tatu hivi." Mtoto huyo nilikuwa mimi. Nilimaliza limonade yangu.

Majuma mawili baadaye Papa Simoni alifika karakana kwa miguu kutoka stesheni, koti lake likinuka moshi. Nyumba yake ilikuwa imeungua Jumapili, wakati yeye yuko kanisani akiongoza sala. Hakuna jirani aliyeona moto ulivyoanza, ila waliona wageni wawili wakiuliza njia. Hakuja kulalamika. Alisimama mlangoni akinitazama mimi, si Papa Anselme.

"Kitabu nilikupa, mwanangu," akasema. "Na nilikupa kwa roho nzuri. Sasa balikuwa banatafuta nini tena ndani ya nyumba yangu?"

Mama Bernadeta akamwita ndani akampa chakula, na kupitia ule ukuta wa mbao nilisikia kijiko chake kikigonga sahani polepole. Nilikuwa nimeandika kwenye orodha: *Papa Simoni, Niemba, anaweza kuwa na karatasi nyingine kwenye sanduku.* Niliandika hivyo ili nionekane mwenye bidii.

Kilichonifungua macho kabisa ni karanga. Nilikuwa nikishuka bandarini mchana, nikanunua karanga za kukaanga kwa mama mmoja anayekaa karibu na maghala, naye akazimimina kwenye karatasi aliyoikunja kama pembe. Nilikula nikitembea. Zilipokaribia kwisha niliona nyuzinyuzi za karatasi, halafu herufi K iliyovunjika mguu. Nikamwaga karanga zilizobaki nikaikunjua. Yalikuwa majina, yameshuka ukurasa mzima. *Msichana, kama wa miaka saba, hajui kwao. Aliletwa na mtemi kwa vitambaa vinne. Mvulana, ndugu yake, kwa bunduki moja pamoja na wengine wawili.* Na jina la mtemi liliandikwa kila mara, tena na tena. Pembeni palikuwa na mstari wa kalamu ya risasi. Mafuta ya karanga yalikuwa yameingia kwenye jina la nkambo wa Mama Leokadia mpaka likawa wazi kama kioo. Nilirudi mbio kwa yule mama nikamuuliza alitoa wapi karatasi. Akasema mpishi wa nyumba moja ya mlimani humuuzia. Huko wanachoma vitabu kwenye pipa, na yeye huokoa kidogo kabla ya moto, ni karatasi nzuri, haipasuki.

Papa Anselme alipouona ukurasa ule aliinuka akafunga mlango wa karakana, saa nane mchana, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Akakaa kwenye kiti chake kifupi. Ndipo aliponieleza zile kurasa arobaini na nane. Zilikuwa sura moja. Ndani yake kulikuwa na majina ya watoto wote, na jina la aliyewauza kila mmoja; na baada ya majina, kulikuwa na mipaka ya ardhi ambayo mtemi huyohuyo, siku alipoona biashara ile imekwisha na misheni ina nguvu, aliwapa watoto hao mbele ya mashahidi: kijito hiki, mwamba ule, mpaka mahali pa kuzikia. Ilipofika chapa ya pili, ukoo wa mtemi ulikuwa mkubwa serikalini. Padre aliyesimamia mashine alimletea kijana Anselme kitabu cha zamani kikiwa kimewekwa alama za kalamu nyekundu, akamwambia, hizi acha.

"Na mimi niliacha," Papa Anselme akasema. "Sikuuliza. Nilikuwa na furaha juu ya kazi inapunguka."

"Na Citoyen Lwamba?"

"Ni mujukuu wa mtemi. Ile jina ya Lwamba ni ya mama yake. Nilijua siku ya kwanza, Odette. Uso ni ule ule. Anataka ile ardhi ya kando ya ziwa apande michikichi, na bantu ya kijiji banasema iko yao, na hakuna karatasi ingine ya kuonyesha. Ni paka ile kitabu tu."

Nilimuuliza kwa nini basi alikubali kazi ile, kwa nini alinituma. Alitazama mikono yake, mikono mirefu yenye vidole vilivyopauka kwa gundi. Alisema alikuwa anaogopa. Alisema alifikiri akijifanya anatafuta, atajua vitabu viko wapi kabla ya yule mtu, lakini mimi nilikuwa nimetafuta vizuri kuliko alivyotegemea. Halafu akasogeza gunia la vipande vya ngozi, akatoa kitabu. Alama za kalamu nyekundu zilikuwa bado kali. Kilikuwa kile kitabu cha kazi, alichokitumia akiwa na miaka kumi na minane, na ambacho hakukirudisha kamwe.

Citoyen Lwamba alikuwa na akili, hilo sitamnyima. Alikuwa amejiuliza mpanga herufi alisomea wapi maneno aliyoyapanga. Alikuja Ijumaa wakati tunakula, akaingia karakana peke yake na Papa Anselme, na mimi na Mama Bernadeta tukabaki na vijiko mikononi upande huu wa mbao. Hakupandisha sauti.

"Papa, wakati ule balikuambia utoe kurasa, ukatoa. Hukuuliza. Ulikuwa kijana wa maana. Leo unaanza kuuliza?"

"Siulizi kitu, Citoyen."

"Kitabu cha kazi kiko wapi?"

"Kitambo sana. Lazima nitafute."

"Tafuta. Jumanne nitakuja." Mama Bernadeta akanishika mkono chini ya meza. Halafu Lwamba akauliza, "Yule mutoto wako wa mwandiko muzuri, anakaa wapi?"

Papa Anselme akasema hajui.

Kwenye rafu kulikuwa na vitabu sita vya sala vilivyoletwa na wanawake wa kijiji kile kile ili vishonwe kabla ya sikukuu ya Agosti. Jumamosi asubuhi Papa Anselme alikata uzi wa kitabu cha kazi, akaitoa ile sura, mikunjo mitatu ya kurasa kumi na sita, akagawa kila mmoja katikati. Kila kitabu cha sala kilipata kurasa nane, zimeshonwa nyuma ya nyimbo za mwisho, juu yake akagandisha karatasi ya jalada kwa gundi kidogo pembeni. Alifanya kazi siku nzima bila kuinua kichwa na mimi nilimshikia uzi. Sijawahi kuona mikono ikienda vile tena. Vilipotoka kwenye kibanio vilikuwa vitabu vya sala vya kawaida, vinene kidogo. Aliniambia nimpe kila mwanamke kitabu chake mkononi mwake, si kwa mtu mwingine, na kumwambia asibandue jalada la nyuma mpaka siku atakayoitwa mbele ya jaji. Citoyen Lwamba angepewa mabaki, na kuambiwa kwamba sura ile ilitolewa na padre zamani zile.

Jumatatu nilipanda boti ya mizigo kwenda kusini. Wanawake watano niliwakuta nyumbani, nikawapa vitabu, nikasema maneno niliyoagizwa, nao wakanitazama usoni kwa muda mrefu kabla ya kuitika. Wa sita, Mama Rozalia, mzee kuliko wote, alikuwa shambani juu ya kilima, mwendo wa saa mbili. Upepo ulikuwa umegeuka, mawimbi yanapanda, na mwenye boti alikuwa akiita kwamba anaondoka. Ufukweni alikuwepo mwanamume mwenye shati la bluu aliyekuwa akinifuata kwa macho tangu nilipotua. Akasema, "Mama Rozalia njo mama yangu. Nipe, nitamupelekea." Nilimwangalia. Nilijua sipaswi. Lakini niliona pia mbele yangu kukaa siku nzima katika kijiji ambacho kila mtu alinitazama, na kurudi Kalemie Jumanne wakati gari lile lingekuwa mlangoni. Na nilikuwa mchanga, na nilikuwa na hofu, na nikampa. Boti ilipokuwa imetoka kidogo niligeuka. Hakupanda kilima. Alisimama palepale ufukweni akilibonyeza jalada la nyuma kwa kidole gumba.

Sikumwambia mwenye boti arudi.

"Vyote sita vilifika?" Papa Anselme aliniuliza jioni ile. Nikasema, "Vyote sita."

Jumanne Citoyen Lwamba hakuja. Alhamisi walikuja wanaume wawili wasiojitambulisha, wakamchukua Papa Anselme akiwa na aproni yake. Mama Bernadeta alikwenda kila siku na sahani iliyofunikwa kutoka biro moja ya serikali hadi nyingine, na kila mahali aliambiwa hayupo. Mimi alinificha kwa dada yake, upande wa pili wa mto Lukuga, na sikutoka. Papa Anselme alirudi siku ya tisa. Alikuwa amevaa aproni ileile, na mikono aliibeba mbele ya kifua kama mtu aliyebeba maji. Vidole vya mkono wa kulia havikufunga tena, vya kushoto vilifunga viwili tu. Mama Bernadeta alimlisha kwa kijiko. Alipomaliza alisema jambo moja tu kuhusu siku zile: aliwaambia kwamba zile kurasa alizichoma, na mwishowe waliamini.

Kesi ya ardhi kati ya Citoyen Lwamba na kijiji ilisikilizwa masika, katika chumba chenye madirisha yasiyofungika, mvua ikiingia. Mwanasheria wa Citoyen Lwamba aliweka mezani chapa ya pili yenye kurasa mia moja na sitini, akasema hiki ndicho kitabu, hakuna ardhi ndani yake. Nilikuwa nimesimama nyuma, karibu na mlango. Jaji alikuwa mgeni, mtu wa mbali, na watu husema ndiyo sababu alihamishwa mwaka uliofuata. Akauliza kama kijiji kina cha kuonyesha. Wanawake wanne na mume wa wa tano, aliyekuwa mgonjwa, wakasimama na vitabu vya sala. Kila mmoja alibandua jalada la nyuma kwa ukucha, na sauti ile ndogo ya gundi ya muhogo ikiachia karatasi ilisikika chumba kizima. Jaji alizipanga kurasa mbele yake, akaziinua kwenye mwanga, akasoma. Alisoma majina kwa sauti, sijui kwa nini, haikuwa lazima. Citoyen Lwamba alisikiliza jina la babu yake likitajwa mara nyingi kiasi kwamba nilipoteza hesabu, na hakutikisa hata unyusi. Alinitafuta kwa macho mpaka akanipata mlangoni, akaniangalia kama mtu anayemwangalia mfanyakazi wake.

Kijiji kilishinda, kikapata kijito, mwamba na ufukwe. Kurasa nane za mwisho hazikuwepo. Humo ndimo ulimokuwa mpaka wa kaskazini na mahali pa kuzikia. Mama Rozalia alikuwa amefariki miezi miwili kabla, na kitabu hakikuonekana nyumbani kwake. Hakuwa na mtoto wa kiume, wala hakuwahi kuwa naye. Jaji akasema hawezi kutoa ardhi ambayo hakuisoma. Leo makaburi ya watoto wale, wale waliobadilishwa kwa vitambaa na bunduki, yako ndani ya senyenge, katikati ya michikichi, na wajukuu wao huomba ruhusa getini kwenda kuyafyeka.

Nilikwenda kumweleza Papa Anselme mimi mwenyewe. Alikuwa amekaa karakana, meza tupu, kibanio kimeshapewa mtu. Aliniuliza kuhusu kila kitabu kwa zamu, na nilipofika kwenye cha Mama Rozalia nikasema nyumba yake ilivuja, kwamba kilioza kwa maji, kwamba watu walikiona kimeoza. Nilieleza mambo mengi kuhusu paa lile. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mvua haina kosa, Odette," akasema.

"Ndiyo, Papa," nikajibu.

Mwezi uliofuata nilipata kazi ya ualimu Kabalo, nikapanda treni, nikakaa huko miaka mingi. Niliporudi Kalemie na mvi zangu, nilikuwa nikimtembelea kila Jumapili baada ya misa, tukazungumza juu ya bei ya samaki wa mikebuka, juu ya ziwa kupanda, juu ya wanafunzi wangu. Vitabu hatukuvitaja hata siku moja.

Jumatano, siku moja baada ya maziko, nilikwenda kumsaidia Mama Bernadeta. Wageni walikuwa bado wengi na tulikuwa na maharagi ya kuchagua, sisi wawili jikoni, vizee viwili juu ya vigoda. Akasema, bila kuniangalia, kwamba siku ya pili kule walikompeleka, kabla ya kumgusa, walimwekea kitabu cha sala mezani, jalada la nyuma limebanduliwa, na ndani jina la Mama Rozalia. Wakamuuliza vingine viko wapi. Yeye akasema kilikuwa hicho kimoja tu, kurasa nyingine amezichoma, akashika neno hilo siku zote zilizobaki. "Alijua nani alikipoteza," Mama Bernadeta akasema. "Alikuja nayo nyumbani, ile habari, pamoja na mikono yake."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia, miaka yote hii.

"Alinikataza. Akasema, ule mutoto asijue kama ninajua, wakati niko hai." Alitupa jiwe dogo alilolipata kwenye maharagi. "Sasa haiko hai," akasema, akavuta sahani yangu karibu yake, akaangalia kama nachagua vizuri.